PETE MBILI, KIDOLE KIMOJA: KUFANANA AU KUFAANA?

 

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Ni habari ya pete. Siku hizi vijana wetu wengi hawaanzi na pete ya ndoa kama ilivyokuwa kwa wazazi wao. Wanaanza na pete ya uchumba. Mara nyingi pete hiyo inatoka mbali: kaka aliyehamishiwa Marekani, au dada aliye Canada au Australia, anaituma kwa mkono wa mgeni. Ni pete ya jiwe moja linalong'aa, lililoinuliwa katikati, ambayo masonara huiita solitea. Binti anavalishwa, picha zinapigwa, vigelegele vinasikika mpaka kijiji cha pili. Kisha harusi inakaribia na swali linaingia nyumbani: pete ya ndoa itakayokaa kidole kimoja na hiyo itapatikana wapi? Maana shangazi amekwisha kusema kwamba lazima zifanane.

Hapo ndipo jambo dogo linapokuwa kubwa. Kuna harusi zinazosogezwa kutoka mwezi wa nne hadi wa nane, na kutoka wa nane hadi Krismasi, kwa sababu ya pete ya pili. Kuna wanaochoka kungoja wakaanza kuishi pamoja kimyakimya, mtoto akazaliwa, na harusi ikazidi kuwa mbali kwa sababu ya aibu. Kuna wanaokopa. Basi tuulize waziwazi: je, ni lazima pete ya ndoa ifanane na pete ya uchumba? Na yule anayetaka zifanane, je, anakosea?

ASILI YA PETE HIZI

Tuanze na asili, kwa maana wengi wanadhani mambo haya ni amri. Hakuna mahali katika Biblia panapoamuru maharusi wavishane pete. Mtumishi wa Ibrahimu alipokutana na Rebeka kisimani (Mwanzo 24), alimpa pete ya dhahabu yenye uzito wa nusu shekeli pamoja na bangili mbili. Lakini pete ile ilikuwa ya puani. Yakobo naye hakuleta pete. Alitoa miaka saba ya kazi, kisha saba mingine (Mwanzo 29).

Desturi ya kumpa mchumba pete ilikuwako kwa Warumi wa kale. Plinio, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba katika siku zake mchumba alipelekewa pete ya chuma isiyo na jiwe. Chuma! Na katika karne ya 17 Wakristo wa Uingereza walioitwa Wapuritani waliipinga hata pete ya ndoa, wakisema haina msingi katika Maandiko. Walioana bila hiyo, na ndoa zao zilikuwa ndoa.

Pete ya jiwe moja kama tunavyoijua ni mpya zaidi. Almasi zilianza kupatikana Afrika Kusini mwaka 1867, na baada ya hapo mawe yakawa mengi sokoni. Mwaka 1886 duka la Tiffany la New York lilitoa pete yenye vikucha sita vinavyoliinua jiwe juu ya duara ili mwanga uingie kila upande. Baadaye kampuni ya De Beers, iliyotawala biashara ya almasi, iliajiri watu wa matangazo. Mwaka 1947 mmoja wao, mwanamke aliyeitwa Frances Gerety, alitunga maneno ya kusema kwamba almasi ni ya milele. Yeye mwenyewe hakuolewa maisha yake yote. Kufikia miaka ya 1980 matangazo ya kampuni hiyo yaliwafundisha wanaume kwamba kipimo cha pete ni mshahara wa miezi miwili.

Hatusemi haya ili kumcheka aliyevaa. Tunataka ajue sauti inayomwambia "lazima" imetoka wapi. Haikutoka kwa Mungu, wala kwa babu zetu waliojua mahari ya ng'ombe na mbuzi. Imetoka kwa muuzaji.

KIU YA KUTAKA VITU VILINGANE

Lakini tusikimbilie kuhukumu. Wapo wazee wanaosema, "Pete ni chuma tu, wavae hata waya." Neno hilo ni jepesi kwa aliyeoa akiwa kwao, mbuzi wa baba yake wakiwa zizini. Tumtazame binti aliyekulia hapa Nakivale. Sahani za nyumbani kwao ni za aina tano, kila moja na ilikotoka. Sare ya shule alivaa iliyokuwa ya mwingine. Paa la nyumba ni bati huku na turubai kule. Tangu utoto amepokea kilichopatikana, hata kama hakikumtosha. Binti huyo anaposema, "Natamani pete zangu mbili zilingane," mara nyingi hayo si majivuno. Anataka kwa siku moja kitu kichaguliwe kwa ajili yake, kisiwe cha kugawiwa. Hiyo ni kiu ya heshima, na heshima si dhambi. Yule baba wa Luka 15 hakumwambia mwanawe aliyerudi na matambara kwamba chakula kinamtosha. Alimvika pete kidoleni, ingawa pete hailiwi.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kutaka vitu vilingane ni ubatili. Inatupasa kuuliza kulingana ni nini.

KUFANANA NA KUFAANA

Lugha yetu ina maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti: kufanana na kufaana. Vitu vinavyofanana vina sura moja. Vitu vinavyofaana, kila kimoja kinamsaidia mwenzake. Jembe halifanani na mpini wake. Moja ni chuma, mwingine ni mti, lakini visipofaana hakuna shamba.

Sonara anayeijua kazi yake, awe wa Mbarara au wa Kampala, anafikiri hivyohivyo. Ukimpelekea pete ya jiwe moja ili aitafutie mwenzake, yako mambo anayoyatazama.

Kwanza, urefu wa kichwa cha pete. Jiwe likiwa limeinuliwa vya kutosha, pete ya ndoa iliyonyooka hukaa vizuri ubavuni mwake. Jiwe likikaa chini, pete hiyo itagonga pale jiwe liliposhikwa na kuacha mwanya. Hapo fundi hutengeneza pete iliyopinda kidogo, au humshauri mwenye kidole aukubali mwanya.

Pili, ugumu wa madini. Dhahabu hupimwa kwa karati. Karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 18 ina dhahabu sehemu 75 katika 100, na muhuri wake ni 750. Karati 14 hupigwa muhuri 585, na karati 9 hupigwa 375. Sehemu inayobaki ni shaba, fedha na madini mengine yanayoipa nguvu. Pete mbili za kidole kimoja husuguana mchana na usiku, na iliyo ngumu huila iliyo laini. Ndiyo maana hushauriwa ziwe za karati moja au zinazokaribiana.

Tatu, mawe. Katika kipimo cha ugumu alichokitengeneza Friedrich Mohs mwaka 1812, almasi ina 10, na dhahabu haifiki hata 3. Pete ya ndoa iliyopambwa kwa mawe madogo ubavuni inaweza kumkwaruza mwenzake mpaka akaisha.

Nne, kazi ya mkono. Jiwe lililoinuliwa hunasa kwenye gunia, kwenye blanketi, kwenye nywele za mtoto. Kikucha kimoja kikipinda jiwe linaweza kuanguka, na likianguka katika shamba la mahindi hutaliona tena. Pete isiyo na jiwe huvumilia jembe, sabuni na majivu.

Mwisho ndipo inakuja rangi. Na rangi yenyewe ina hila. Dhahabu nyeupe kwa kawaida hupakwa juu madini yaitwayo rodiamu, nayo hufifia kwa kuvaliwa mpaka ipakwe upya. Pete mbili zilizofanana dukani zinaweza kutofautiana baada ya miaka michache.

Angalieni basi. Kile ambacho shangazi anakitazama kwanza, fundi anakitazama mwisho. Fundi anauliza: zikikaa pamoja kila siku, zitaumizana? Hilo ndilo swali la kuulizwa hata kwa watu wawili wanaotaka kuoana. Msomaji atatukumbusha kwamba Biblia yetu ya Kiswahili, katika Mwanzo 2, inatumia neno kufanana kwa habari ya yule msaidizi wa Adamu. Ni kweli. Lakini neno la Kiebrania lililoko pale, kenegdo, linabeba maana ya mtu aliye mbele yako, anayekukabili na kulingana nawe, kama kiganja cha kulia kinavyokabiliana na cha kushoto. Viganja viwili havikai upande mmoja. Ndiyo maana vinaweza kushikana.

Tena kila pete ina neno lake. Pete ya uchumba inasema, "Nitakuja." Pete ya ndoa inasema, "Nimekuja." Maneno haya si mamoja, lakini la pili linalitimiza la kwanza. Sasa, ikiwa pete ya uchumba ndiyo inayochelewesha ndoa kwa sababu mwenzake hajapatikana, pete hiyo imegeuka kuipinga kazi yake yenyewe. Ilivaliwa ili iharakishe siku, na sasa inaizuia.

HARUSI MOJA YA MWAKA 1947

Anayedhani kwamba watu wakubwa hawawezi kuvaa pete zisizofanana, tumpe mfano. Elizabeti, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza, aliolewa na Filipo tarehe 20 Novemba 1947. Filipo alizaliwa katika ukoo wa kifalme wa Ugiriki, lakini mwaka 1922 familia yake ilifukuzwa nchini, naye akiwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi. Waliondoka kwa meli ya kivita ya Waingereza, na husimuliwa kwamba mtoto alilazwa katika sanduku la machungwa. Bwana harusi yule alikuwa ameonja ukimbizi.

Pete ya uchumba aliyompa Elizabeti ilitengenezwa kwa almasi zilizotolewa katika taji la mama yake, zikawekwa kwenye platinamu, madini meupe. Pete ya ndoa ilikuwa duara la dhahabu ya Wales, isiyo na jiwe. Moja nyeupe yenye mawe, nyingine dhahabu tupu. Hazikufanana rangi wala madini. Tena harusi ile ilifanyika wakati nguo zilikuwa za mgao kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimekwisha, na hata gauni la bibi harusi lilihitaji kuponi. Wanawake wengi walimtumia kuponi zao, zikarudishwa kwa kuwa sheria haikuruhusu kugawana. Ndoa hiyo ilidumu miaka 73, mpaka Filipo alipofariki mwaka 2021.

Pete haikuidumisha ndoa hiyo, wala hatusemi hivyo. Tunasema tu kwamba pete zisizofanana hazikuidhuru.

BEI, DENI NA UKWELI

Tuje kwenye mfuko. Mwezi wa Oktoba 2025 bei ya dhahabu ilipita dola 4,000 kwa wakia moja kwa mara ya kwanza. Wakia ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja ya dhahabu tupu ilikuwa karibu dola 129. Pete ndogo ya gramu 3 yenye karati 18 ina dhahabu tupu gramu 2.25. Hiyo ni karibu dola 290 za dhahabu peke yake, kabla fundi hajalipwa na muuzaji hajaweka faida. Pete ya uzito huohuo yenye karati 9 ni nusu ya hapo. Na maharusi ni wawili. Kila familia ya hapa ifanye hesabu yake kwa mahindi na maharage, itaona ni miezi mingapi.

Bwana Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14). Kijana anayeuza mbuzi wa mama yake, au kuweka rehani mgao wa chakula wa wadogo zake, au kukopa kwa mtu wa riba, anaianza nyumba yake kwa kuubomoa ukuta wa nyumba nyingine. Na yule ndugu wa Marekani tusimfanye kisima kisichokauka. Aliyetuma pete ya kwanza labda anafanya kazi ya usiku kiwandani na kulipa kodi ya nyumba.

Jambo lingine ni ukweli. Kuna mawe yanayong'aa kama almasi bila kuwa almasi, kama zirkonia na moisanaiti, ambayo hutengenezwa viwandani. Kuvaa zirkonia si kosa hata kidogo. Kosa ni kuvalisha zirkonia na kusema ni almasi. Sonara ana kifaa cha kupima, na siku moja binti atakwenda kurekebisha pete iliyombana, ataambiwa mbele ya watu. Siku hiyo ataumizwa na uongo kuliko atakavyolililia jiwe. Ndiyo yetu iwe ndiyo hata kidoleni.

DHAHABU YA KWETU

Wengi wetu tumetoka Fizi, Mwenga, Kamituga na Ituri. Tunaijua dhahabu kabla haijang'arishwa. Kati yetu wako waliochimba, na wako akina mama waliotwanga mawe ya machimbo kutwa nzima kwa ujira mdogo. Tunajua pia jinsi bunduki zilivyoufuata mchanga ule. Mpango wa Kimberley, ulioanza mwaka 2003, uliwekwa ili kuzuia almasi ghafi za vita zisiingie sokoni. Kwa dhahabu, Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 ya kuzitaka kampuni zake zieleze kama zinatumia madini ya vita kutoka Kongo na nchi jirani. Hata hivyo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba dhahabu ya mashariki mwa Kongo huvushwa mipaka kwa magendo. Dhahabu ikishayeyushwa haisemi ilitoka shimo gani.

Hatumwekei mkimbizi mzigo wa kuifuatilia kila gramu. Lakini kama kuna watu wanaostahili kuuliza, ni sisi. Muulizeni muuzaji ameipata wapi. Kama bibi ana pete ya zamani au kipuli kilichobaki kimoja, fundi anaweza kukiyeyusha na kutengeneza pete mpya, na hapo hakuna shimo jipya lililochimbwa. Na kijana akisema, "Mimi nimechagua pete ya madini ya fedha, kwa sababu najua dhahabu ilitugharimu nini," asiitwe maskini. Ametumia dhamiri yake.

BASI TUFANYE NINI?

Ushauri wetu ni huu. Maharusi waketi wawili, kabla ya shangazi na kabla ya picha, wasemezane ukweli: tuna kiasi gani, na tunataka nini? Anayetaka kulingana asinyamazishwe kwa mahubiri. Apewe nafasi ya kuchagua. Duara jembamba lisilo na jiwe, alilolichagua mwenyewe kati ya yale wanayoyaweza, litamheshimu kuliko pete ya gharama aliyochaguliwa na wengine. Kama pete mbili zinagombana kidoleni, ya uchumba ihamie mkono wa kulia, au ivaliwe Jumapili na sikukuu, na ile ya ndoa ifanye kazi ya kila siku. Kama ya kufanana ni ndoto ya maisha, ingoje mwaka wa kumi wa ndoa. Ndoa isiingoje pete.

Na kuna jambo moja ambalo katika mabishano haya yote husahauliwa. Tunahangaika kuitafutia pete ya ndoa mwenzake kwenye kidole cha mke, wakati mwenzake hayuko pale. Yuko kwenye mkono wa mume. Siku ya harusi ni pete hizo mbili zinazobarikiwa pamoja, na ni hizo zinazosemewa agano. Tumeona bibi harusi mwenye pete mbili za kung'aa na bwana harusi aliyeazima pete ya rafiki, akairudisha kesho yake. Hapo kweli pana kutolingana, na hakuna shangazi aliyelalamika. Afadhali maduara mawili ya bei ndogo, ya kweli, ya kwao wenyewe, moja kwake na moja kwa mkewe. Pete hizo zitafanana, na wenye kuzivaa watafaana. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki hapa hatuitafuti, tunayo.

Kwa wale ambao wanaishi pamoja wakingoja pete, tunawaomba kwa upendo: njooni. Kanisa halitawauliza karati. Litauliza kama mmekubaliana.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi vya maombi:

1. Katika familia yetu, nani huamua juu ya gharama za harusi: maharusi, wazazi, au macho ya watu?
2. Ni mambo gani mawili katika nyumba yetu hayafanani lakini yanafaana?
3. Je, kuna harusi tunayoichelewesha kwa kitu kinachoweza kungoja?

Tuendelee kuombeana. Bwana awabariki na kuzilinda nyumba zenu.

Ni sisi watumishi wenzenu katika Bwana.